Birika la Pongwe

Katika daftari la kanisa niliandika hivi:
Jumamosi. Washirika thelathini na wanne.
Ajenda ya tatu, ombi la Bibi Yustina Kidundo.
Waliokubali ishirini na mmoja, waliokataa kumi na watatu.
Nikapiga mstari kwa rula. Katibu haandiki zaidi ya hapo.

Haya mengine nayaandika nyumbani,
nyuma ya bili ya maji.

Bibi alizaliwa Misozwe. Hajatimiza miezi miwili
padri wa Magila alimdondoshea maji kwenye paji la uso.
Cheti anacho bado, ndani ya mkebe wa biskuti,
pamoja na risiti ya cherehani
na jino la mwanawe wa kwanza.
"Sikikatai," alituambia, "ila siku ile nililia tu.
Hakuna aliyeniuliza kitu.
Nina miaka sabini na sita. Nataka niulizwe."

Wapo waliopinga kwa huruma: kifua chake, na kipupwe hiki.
Wapo waliopinga kwa adabu: Waanglikana watatuonaje?
Mchungaji Semkiwa naye alinyoosha mkono wa hapana,
mkono mmoja tu, sawa na wa Namkunda wa kidato cha pili
aliyebatizwa Pasaka, kura yake bado mbichi.
Akashindwa.
Akakohoa kidogo, akauliza,
"Sasa maji tutayapata wapi?"

Kwetu hakuna askofu wa kumkatia rufaa.
Kuna viti vya plastiki, kuna ubishi,
kuna Kitabu kilicholika pembe kwa vidole vya wengi.
Kila aaminiye ni kuhani, tunasema;
basi kila kuhani ana neno,
na mkutano wa saa nane huisha taa zimewashwa.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza baba haya yalianzia wapi.
Alikuwa mkata mkonge, akinoa panga.
"Kwenye nyumba ya mikate," akasema. Nikadhani ananitania.
Kumbe kweli: Waingereza wachache, wakimbizi Amsterdam,
mwaka elfu moja mia sita na tisa,
wamepanga kwenye jengo la mwoka mikate
kwa sababu mfalme wao alitaka kuwachagulia namna ya kusali.
"Mfalme achukue kodi," baba akasema. "Roho si kodi."
Na maji? Walizama?
Akacheka. "Siku ile walimiminiana tu.
Kuzama kulikuja baadaye, London.
Hata wao, mwanangu, walijifunza polepole."

Mwaka jana diwani alituletea mabati hamsini,
akaomba dakika kumi mimbarani.
Tukapiga kura. Tukayarudisha mabati.
Vuli ile ilitunyeshea humo humo ndani,
nasi tukimwombea diwani afya njema, kwa dhati,
tukisogeza viti.

Jirani yetu Mwanahamisi huuliza mbona hatumwiti.
Tunamwita. Hatumvuti.
Ukimlazimisha mtu umemwogesha tu.

Kisima chetu chini ya mimbari kilikuwa kikavu:
bili haijalipwa, mita imefungwa. (Hilo nalo limo daftarini.)
Tukaenda Pongwe, kwenye birika la kiwanda cha mkonge,
korona imekufa zamani, kutu hadi kwenye meno,
maji ya mvua ya masika, ya kijani, baridi.
Mwanahamisi alikuja na kanga mbili kavu
akakaa mbali kidogo, juu ya tofali.

Bibi akashuka ngazi kwa makalio, moja moja,
akikataa mkono wa kila mtu.
Semkiwa akamshika mgongo.
"Yustina, unamwamini Yesu Kristo
kuwa Bwana na Mwokozi wako?"

Kimya. Kereng'ende mmoja juu ya maji.
Tukaanza kutazamana, wale kumi na watatu hasa.

"Niulize tena," akasema Bibi.

Na mchungaji, maji kifuani, meno yakimgonga,
akauliza tena, polepole,
neno moja moja.